Vidonge vya Wageni

Mildred hakuniuliza kama nataka dawa. Aliniwekea kidonge kiganjani, akanipa kikombe cha maji, akasimama mbele yangu mikono kiunoni. Nilipomeza akasema, "Fungua mdomo nione."

Mimi nina ploti Kawangware 46, na wapangaji wangu wakisikia sauti yangu langoni wanapunguza redio. Hakuna mtu aliyewahi kuniamuru nifungue mdomo tangu nikiwa mtoto wa shule. Lakini nilifungua. Akachungulia, akaridhika, akamgeukia aliyenifuata kwenye foleni.

Huyo ndiye Mildred, mama yake Marvin, na Marvin ndiye aliyemwoa binti yangu Wangeci. Nasimulia habari zake kwa sababu mwaka ule karibu tumzike, na kilichotaka kumuua ni kitu kile kile alichokuwa ametukinga nacho sisi wengine wote. Hata leo nikikumbuka nakasirika, kisha nacheka, kisha nakasirika tena.

Mildred analima kipande cha ardhi kando ya bwawa kule Silanga, chini kabisa ya Kibera. Anapanda mboga za osuga, mrenda na sukuma wiki, na anauza mwenyewe mbele ya nyumba yake, mboga zikiwa zimepangwa juu ya gunia. Kwao ni kisiwani, katika Ziwa Victoria, kisiwa kidogo kilicho mbali kuliko kile cha Mfangano. Alikuja Nairobi akiwa bibi harusi wa Ogola, ambaye wakati huo alikuwa bawabu na mpaka leo ni bawabu. Amekaa Silanga tangu hapo. Lakini ukimwuliza kwake ni wapi, atakuambia, "Hapa nimepanga tu. Kwetu ni dala." Dala ni nyumbani kwa Kijaluo, na kwa Mildred neno hilo lina maana ya kisiwa kile na si pengine popote.

Maneno hayo nimeyasikia kwa kila mpangaji wangu. Watu huingia kwangu wakiwa na godoro moja, wakazaa, wakasomesha, wakaozesha, na bado wanasema wamepanga tu. Siwabishii, mradi wanafunga bomba la maji wakimaliza kuoga.

Watu wa kisiwa chao walioko Kibera wana chama. Mmoja wao akifiwa, wanakutana kanisani Mashimoni, huko huko Kibera, wanapanga safari, maiti inarudishwa dala na waombolezaji wanaifuata. Kazi ya Mildred ilianzia hapo. Zamani, kabla sijamjua, dada yake alikwenda kwenye mazishi na mtoto wake aliyeitwa Adero. Mtoto huyo alizaliwa Kibera na hakuwa amewahi kukanyaga kwao. Alicheza ufuoni, akalala uani pamoja na wenzake, akarudi Nairobi akiwa na furaha ya kuwajua binamu zake. Baadaye akapata homa. Watu walisema ni baridi ya Nairobi, akapewa dawa ya kikohozi. Ilipojulikana kuwa ni malaria, mtoto alikuwa hamtambui tena mama yake. Hakupona.

Habari hiyo niliipata kwa Ogola, siku moja Mildred alipotoka kwenda kuchota maji. Mildred mwenyewe hamtaji Adero. Alichofanya ni kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu wa Kibera anayekwenda kisiwani bila kupita mikononi mwake. Hakuna aliyemchagua wala anayemlipa. Anawapeleka wasafiri wote kwa Nicanor, tabibu mwenye kliniki ndogo Mashimoni, wapimwe na kuandikiwa dawa ya kuzuia malaria. Anawakagulia neti zao kama zina matobo. Anawaambia watu wasinywe maji ya ziwa kabla hayajachemka, na wasitie miguu ziwani kwa sababu ya kichocho. Wakicheka, anawaangalia mpaka wanaacha. Na kabla ya kuwaachilia, anamfanya kila mmoja aseme kwa kinywa chake mwenyewe: nikipata homa nikisharudi, nitamwambia daktari nilikuwa ziwani.

Hayo yote yalikuwa ya wageni. Wageni, kwake, ni watoto waliozaliwa Nairobi, wake walioolewa kutoka kwingine, na watu kama mimi. Wale waliozaliwa kisiwani walikuwa na benchi lao ukutani, wakisubiri tumalize kumeza. Walijiita watoto wa ziwa, na walitucheka sana.

Mimi niliingia kwenye foleni hiyo wakati mama yake Ogola alipofariki. Wangeci alikuwa na mimba ya kwanza. Habari za msiba ziliponifikia nilijua kitakachofuata: mke wa mjukuu atatakiwa dala, na nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia yule mama wa Silanga, kwani ndivyo nilivyokuwa nikimwita tangu harusi. Asubuhi yake akatokea langoni kwangu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Mama Wangeci," akasema, "mtoto haendi."

"Haendi wapi?"

"Dala. Anafaa kuwa huko, najua. Lakini na hiyo tumbo, hapana. Malaria ikipata mama mjamzito inaweza beba wote wawili."

"Na wazee wenu watasema nini?"

"Watasema mengi. Nitawaambia ni mimi nimemkataza. Hiyo niachie."

Maneno yangu makali yote yalikosa pa kwenda. Nilimkaribisha ndani, nikampikia chai, na nilipomwita jina nilimwita Mama Marvin. Kisha nikajisikia nikisema kitu ambacho sikuwa nimekipanga hata kidogo: kwamba nitakwenda mimi badala ya binti yangu, familia yake isije ikaonekana haina watu.

Aliniangalia kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Uko na pressure?"

"Iko."

"Unajua kuogelea?"

"Nani Kawangware anajua kuogelea?"

"Sawa. Kesho Mashimoni kwa Nicanor. Kuja na dawa zako za pressure zote, usiwache ingine kwa nyumba ati utarudi haraka."

Ndivyo nilivyojikuta nikifungua mdomo mbele ya watu. Kidonge kilikuwa cha kila siku. Kilianza kabla ya safari na kilitakiwa kuendelea mwezi mzima baada ya kurudi, na Nicanor alinionya nile kwanza kabla ya kumeza na nivae kofia, maana dawa hiyo haipatani na jua. Alipomaliza na mimi akamtazama Mildred.

"Na wewe je, Mama Marvin?" akamwuliza.

"Mimi?" Mildred akacheka, na benchi la ukutani likacheka naye. "Mbu wa dala wananijua, Nico. Walininyonya nikinyonya. Wape wageni."

Nicanor alitaka kuongeza neno, lakini mtoto mmoja kwenye foleni alikuwa ametapika kidonge chake, na Mildred alikuwa ameshamfikia.

Safari ya basi nitaiacha, kila mtu anaijua. Nitaanzia Mbita, mahali tulipopandia boti. Jeneza lilikuwa limeshawekwa ndani, limefunikwa shuka nyeupe, na wanawake walikuwa wameanza kuimba. Majaketi ya kuelea yalikuwa machache kuliko watu. Mildred aliyatazama, akatutazama sisi, akaketi juu ya mtungi wa maji tuliotoka nao.

"Hatupandi," akasema.

Mwenye boti akamwambia ziwa limetulia na mwendo si mrefu. Shemeji yake mmoja akamkemea mbele ya watu, kwamba anamwacha marehemu achomeke na jua kwa sababu ya maringo ya Nairobi.

"Mama alikuwa mvumilivu maisha yake yote," Mildred akamjibu. "Hata leo atangoja."

Akangoja, Mungu amrehemu. Majaketi yaliletwa kutoka kwa boti nyingine, na mimi nikapewa lililonuka samaki, kwa kuwa ndilo pekee lililonitosha. Nililifunga mpaka pumzi ikawa ya shida. Humo botini niliogopa sana, sioni haya kusema. Nilishika ukingo kwa mikono miwili, na nikawa nasali kwa Kikuyu ili wasijue ninaomba nini.

Marvin alikuwa ameketi mwisho kabisa wa boti, amenigeuzia mgongo. Nilidhani nimemkosea.

"Amenuna?" nikamwuliza Mildred.

"Nani, Marvin? Hapana. Wewe ni maro wake, mama mkwe. Kwetu kijana hawezi kaa karibu na maro, hawezi kula na yeye, hawezi lala nyumba moja na yeye. Ni heshima." Akaniinamia sikioni. "Na maro akisema kitu, kijana hawezi kataa. Maro hakataliwi."

"Kitu chochote?"

"Chochote. Lakini usimwambie ni mimi nimekuambia."

Neno hilo nililiweka mahali salama, kwa maana Marvin ana tabia ya kuchelewa kujibu simu zangu.

Kisiwani hapakuwa na gati. Boti ilisimama kabla ya nchi kavu, na abiria walitakiwa ama wakanyage maji ama wabebwe. Mildred alikuwa ameshapanga nibebwe. Marvin hawezi kumgusa maro wake, kwa hiyo akaitwa kijana mmoja mwenye mabega mapana afanye kazi hiyo. Aliponiona aliomba kwanza apumzike kidogo. Nilipanda mgongoni kwake na mkoba wangu na kofia yangu, na kisiwa kizima kikaona. Mildred alikuwa kando yetu ndani ya maji mpaka magotini, gauni amelikunja, akiimba na wenzake na kulia.

"Na wewe na hicho kichocho?" nikamwuliza kutoka juu ya mgongo wa mtu.

"Haya ni maji yangu," akasema.

Nilikaa kisiwani kwa heshima ambayo sijawahi kupewa hata na watoto wangu. Kwa kuwa nisingeweza kulala kwenye boma la mkwe wangu, nililazwa kwa mwalimu mmoja wa jirani, na kila jioni jua likiwa bado liko juu, Mildred alikuja kunitundikia neti na kuchomeka pindo zake chini ya godoro. Alinionyesha mtungi wangu wa maji yaliyochemshwa. Alinipikia samaki wa moto, na ugali ukikaa kidogo ukapoa aliuondoa mbele yangu. Alifanya hivyo kwa kila mgeni aliyekuja naye, huku akiwa ni mke wa mwana katika msiba ule, mtu ambaye kila shughuli ilikuwa inamsubiri. Halafu alirudi uani kukesha na jeneza, akiwa na gauni lake la mikono mifupi, pamoja na wake wengine wa boma. Ndiyo desturi, na mtu hawezi kukesha na marehemu akiwa ndani ya neti.

Asubuhi ya mazishi niliiona mikono yake kwenye mwanga wa jua. Ilikuwa imejaa vipele kutoka viganjani mpaka mabegani.

"Mama Marvin, hao mbu wamekula wewe."

"Wananisalimia tu," akasema. "Nimekaa sana bila kuja."

Tulirudi wote salama. Mildred akaendelea na kazi yake kwa simu. Kila jioni nikiwa nakaanga vitunguu simu ililia, na hakuwa na salamu ndefu. "Umemeza?" Nikisema nimemeza, alikata. Wangeci alinicheka, akasema nimepata mwalimu wa zamu. Nilianza kumnung'unikia kila aliyenisikiliza. Wiki ya pili, jioni moja, simu haikulia, nikashukuru Mungu. Jioni iliyofuata haikulia pia, na sikuona raha. Nilipompigia mimi alipokea Ogola, akasema Mildred amelala, ni uchovu wa msiba.

Mildred hajui kulala mchana. Nilipika njahi, yale maharage meusi ya kwetu, nikatia kwenye hotpot, nikaenda Silanga.

Gunia la mboga lilikuwa limekunjwa mlangoni. Ndani kulikuwa na joto, mabati yamewaka, naye alikuwa amejikunyata kitandani ndani ya sweta na koti la kazi la Ogola, akitetemeka mpaka kitanda kinalia. Marvin alikuwa amekaa kwenye stuli kando yake na karatasi ya dawa mkononi.

"Duka la dawa wamesema ni taifodi," Ogola akaniambia. "Amemeza lakini anatapika."

"Alitobolewa kidole?"

"Walimwangalia tu."

Nikamwinamia. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano. "Mama Marvin, ulikuwa ziwani. Twende kwa Nicanor."

"Malaria ni ya wageni," akasema bila kufungua midomo vizuri. "Mimi sina malaria. Wacha nilale, Mama Wangeci. Nitaamka kesho."

"Twende upimwe tu."

"Nimesema sitaki. Unataka watu waseme nini? Mildred ameshikwa na malaria ya dala?"

Nikaelewa kwamba anaona haya. Mwanamke yule alikuwa tayari kufa kuliko watu wa benchi lile wamwone kwenye foleni ya Nicanor. Niliudhika nikataka kumtingisha. Ogola alisema labda tungoje dawa ifanye kazi, na Marvin alimwangalia baba yake, kisha mama yake, asijue amsikilize nani.

Ndipo Mildred alipofumbua macho, akanitazama usoni, akaniuliza kwa Kijaluo kitu nisichokielewa. Lakini jina nililisikia. Alisema Adero. Stuli ya Marvin ikagonga ukuta, na Ogola akashika kichwa.

"Amesema nini?" nikauliza.

Marvin alijibu akitazama chini. "Anauliza kama Adero amekunywa maji."

Hapo nilisimama katikati ya chumba, nikamwita mkwe wangu kwa jina lake lote.

"Mimi ni nani kwako?"

"Maro," akasema.

"Maro akisema kitu?"

"Hakataliwi."

"Beba mama yako."

Mildred alisikia. Alinitazama, na kwa muda ule akili ikamrudia, kwa sababu alitaka kukasirika na akakosa nguvu. "Ni mimi nilikufundisha," akanong'ona.

"Ni wewe," nikasema. "Panda mgongo."

Kutoka Silanga mpaka Mashimoni ni mlima. Marvin alimbeba mama yake njia nzima, mimi nikiwa nyuma nimemshikilia kiuno asiteleze, Ogola mbele akiomba watu watupishe. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji waliacha mitungi yao wakasimama. Wengine walimjua, maana aliwahi kuwafungua midomo. Nilikuwa nimejaa hofu, kwani mwili wake ulikuwa wa moto na alikuwa ameacha kubishana, na Mildred asiyebishana sikuwahi kumwona.

Nicanor alipomwona hakuuliza maswali mengi. Alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kile kipimo kidogo, na tukangoja tukikitazama. Mstari wa pili, ule wa malaria, ulitokea haraka. Alimchoma sindano pale pale, akapiga simu kutafuta gari, na yeye mwenyewe akaenda naye mpaka hospitali ya serikali, akiwaeleza wauguzi kabla hawajauliza: huyu ametoka ziwani.

Alilazwa. Siku za kwanza hatukuambiwa neno la kututuliza. Wangeci alikuja na tumbo lake kubwa, akakaa kando ya kitanda akimshika mkono, na nilipotazama ule mkono wenye makovu ya vipele nikafikiri juu ya jioni zote zile alizotoka uani akaja kuchomeka neti yangu. Nililia, na sikuenda kujificha chooni.

Akapona. Ilichukua muda, lakini siku moja nilimkuta ameketi, anamgombeza muuguzi kuhusu uji kuwa umepoa. Nicanor alikuwa amekuja kumwona. Mildred alimngoja amalize kumsalimia, kisha akamwuliza swali ambalo naona lilikuwa likimla tangu apate fahamu.

"Nico, mimi nilizaliwa pale. Nilikua pale. Ilikuwaje?"

"Mama Marvin, hiyo kinga haikuwa ya kuzaliwa," Nicanor akamwambia taratibu. "Ilikuwa ya kuumwa na mbu kila wakati, mwaka kwa mwaka. Hata wale wako kule saa hii wanafaa kulala kwa neti. Lakini wewe umekaa Nairobi miaka mingapi?"

"Tangu kabla ya huyu Marvin."

"Basi mwili umesahau. Ukienda kule saa hii, damu yako ni ya mtu wa Nairobi. Ni sawa tu na ya Mama Wangeci."

Mimi nilikuwa na utani tayari juu ya damu ya Kawangware, lakini nilipomwona uso niliuacha utani huo. Aligeukia ukutani. Hakulia alipougua, wala alipotobolewa mishipa, akalia kwa hilo. Ameishi nusu ya maisha yake akituambia amepanga tu, na sasa daktari anamwambia kule alikokuwa akikuita kwao ndiko mwili wake ulikokuwa mgeni. Mimi ploti yangu iko pale nilipozaliwa. Nilimfunika miguu kwa leso, nikakaa.

Baada ya muda akasema, bila kugeuka, "Umemeza leo?"

"Nimemeza."

"Sawa."

Wangeci alijifungua mtoto wa kike, na mtoto yuko Nairobi mpaka atakapokua, hilo halina mjadala. Kisha mzee mmoja wa chama akafariki, na safari ya dala ikapangwa tena. Nilikwenda Mashimoni kwa Nicanor kumsaidia Mildred kugawa maji, kwa kuwa bado alikuwa anachoka upesi. Kila kitu kilikuwa kama zamani. Wageni walipanga foleni wakimeza na kufungua midomo, na watoto wa ziwa walikaa kwenye benchi lao wakiwatania, ingawa nilisikia mmoja akiuliza wenzake kwa sauti ya chini kama ni kweli Mildred alishikwa na malaria.

Foleni ilipokwisha, Mildred alinipa ile chupa ya vidonge. Akazunguka meza, akasimama mbele yangu, mahali pa wageni. Benchi zima likageuka kumtazama.

Nilimwekea kidonge kiganjani. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Naenda kwetu na dawa ya wageni," akasema.

"Utaenda na kurudi," nikamwambia. "Kunywa maji."

Akameza. Nikasimama mikono kiunoni.

"Fungua mdomo nione."

Alifungua. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini ulimi ulikuwa mtupu, na nilimwambia hivyo. Akajifuta kwa kiganja, akaninyang'anya chupa, akaligeukia benchi la ukutani.

"Haya," akasema. "Wageni mmebaki nyinyi."